Kabla hujamwita fundi: matengenezo madogo ya nyumba za Pwani

Video nyingi za mitandaoni zinazofundisha watu kujitengenezea vitu vya nyumbani zimerekodiwa kwenye nchi za baridi, na zinazungumzia nyumba ambazo si zetu. Huku kwetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, vitu vingi huharibika kwa sababu tatu tu: hewa ya chumvi, maji magumu ya kisima na unyevu wa masika. Ukishajua ni ipi kati ya hizo tatu inayokusumbua, nusu ya kazi umeimaliza. Nimekusanya hapa yale ambayo mtu yeyote mwenye bisibisi, spana na koleo anaweza kuyafanya kwa mkono wake. Nimetaja pia pale unapopaswa kuacha na kumpigia fundi simu.

Kwanza kabisa, jua mahali pa vitu viwili: valvu inayofunga maji ya nyumba nzima, na swichi kubwa ya umeme. Wapangaji wengi huishi nyumbani miaka bila kujua valvu iko wapi, hadi siku mpira unapopasuka usiku na maji yakaingia chumbani kwa jirani wa chini. Muulize mwenye nyumba leo. Ukiipata, ifunge na uifungue mara moja kwa mwezi, kwa sababu valvu ya chuma isiyoguswa hushikwa na kutu, na siku ya haja haizunguki.

Mfereji unaodondoka

Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vyanzo vya Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mtaani kwako yanaweza kuja siku mbili kwa wiki, na siku nyingine unategemea tangi. Ndiyo maana nauweka mfereji mbele ya vyote. Tone moja kila sekunde hukaribia lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima. Usiniamini mimi, weka ndoo chini ya mfereji usiku, uipime asubuhi.

Mifereji ya zamani, ile unayoizungusha mara kadhaa ndipo ifunge, huwa na kijipira cha duara ndani. Madukani hukiita washa. Kikilika, maji hayafungi hata ukaze namna gani, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyozidi kukila. Funga valvu, fungua mfereji maji yaliyobaki yaishe, kisha ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skurubu isikuponyoke ikapotelea huko. Toa kishikio. Chini yake utaona nati. Izungushe kwa spana kuelekea kushoto, na mti wa mfereji utatoka wote. Kijipira kiko mwisho wake. Kibebe kile kibovu hadi dukani upewe cha ukubwa uleule, badala ya kukisia. Ni kitu cha bei ndogo sana.

Kabla hujarudisha, pitisha kidole ndani, pale kijipira kinapokalia. Pakiwa laini, umemaliza. Pakiwa pameliwa na kukwaruza, kijipira kipya kitadumu wiki chache tu, na afadhali ununue mfereji mpya. Ile mifereji ya kisasa inayofunga kwa robo mzunguko haina kijipira. Ina kipande kizima cha ndani kinachobadilishwa, na hicho pia kibebe dukani kama mfano.

Unapofunga mfereji mpya, zungushia nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, mizunguko mitano hadi kumi, ukifuata upande ambao mfereji utakazwa. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka unapokaza, na maji yatavuja vilevile.

Choo nacho huiba maji kimyakimya, kwa sababu yanapita kwenye bakuli bila sauti. Tia rangi ya biriani kidogo ndani ya tangi la choo, kaa nusu saa bila mtu kuvuta maji, kisha chungulia bakulini. Ukiona manjano, kifuniko cha mpira kilicho chini ya tangi hakishiki. Mara nyingi kimeshikwa na chokaa tu: kitoe, kioshe kwa siki, ukirudishe. Kikiwa kimekakamaa, badilisha.

Chokaa ya maji ya kisima

Ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme na kwenye matundu ya shawa ni chokaa iliyobaki baada ya maji magumu kuchemka au kukauka. Birika lenye ukoko huchukua muda mrefu zaidi kuchemsha, na stima unailipia wewe. Dawa yake ni asidi nyepesi, nayo iko jikoni: siki au ndimu. Tia nusu maji na nusu siki, chemsha, acha saa moja, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili kuondoa harufu. Matundu ya shawa yafungie mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha, asubuhi uyasugue kwa mswaki mkuukuu. Kama ni shawa ya umeme, izime kwenye swichi ya ukutani kwanza na usifungue ndani yake. Umeme na maji ya chumvichumvi kwenye kisanduku kimoja si kazi ya kujifunzia.

Sufuria za alumini zilizogeuka nyeusi ndani kwa maji ya kisima husafishika kwa njia hiyohiyo. Chemsha maganda ya ndimu ndani yake.

Hapa kuna onyo ambalo siwezi kulipita haraka. Usichanganye siki wala ndimu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo watu wengi huiita jiki. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo na havina dirisha. Nasikia watu wakishauriana kuvitia vyote viwili "ili kazi iwe safi zaidi". Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, na kingine kisubiri siku nyingine.

Mlango na kitasa

Masika yakiingia, mbao hunywa unyevu na kuvimba, na mlango uliofunguka vizuri mwezi wa pili unaanza kusukumwa kwa bega mwezi wa tano. Watu hukimbilia randa. Kisha kaskazi inarudi, ubao unakauka, na mlango unabaki na mwanya wa kupitisha panya. Anza na hatua ndogo: tazama ukingo unaogusana na fremu, mara nyingi umeng'aa kwa kusuguliwa, uupake mshumaa au sabuni kavu. Ikishindikana, piga msasa hapo tu. Randa isubiri mpaka ubao ukauke, na baada yake upake rangi au vanishi kwenye ukingo, kwa maana ubao ulio uchi ndio unaonywa maji zaidi. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji wa Kale usiiguse. Hiyo ina mafundi wake.

Pengine mlango haujavimba, umelegea tu kwenye bawaba ya juu. Unyanyue kwa kishikio. Ukicheza, kaza skurubu. Zikizunguka bila kushika, tundu limepanuka. Chomoa skurubu, jaza tundu vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, vikate sawasawa na ubao, acha ikauke hadi kesho, kisha rudisha skurubu ileile.

Kitasa au kufuli iliyokwama kwa chumvi usiimwagie mafuta ya kupikia. Italainika wiki moja, halafu mafuta yatashika vumbi na mchanga yageuke gundi. Chukua penseli, sugua risasi yake kwenye meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, uingize na kuzungusha mara kadhaa. Bawaba zinazolia zinataka matone mawili ya mafuta ya cherehani, basi.

Jiko la gesi

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na unapaka sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha, kwa kawaida kwa sababu uji, maziwa au tui limefurika likaziba matundu. Funga gesi kwenye mtungi, ngoja kichwa cha jiko kipoe, kitoe, ukioshe kwa maji moto ya sabuni, na uzibue matundu kwa sindano bila kuyapanua. Kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Moto ukibaki wa manjano hata baada ya hapo, usiendelee kupikia. Moto kama huo ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, sawa na ile ya jiko la makaa.

Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni. Koroga sabuni ya maji kwenye kikombe, fungua mtungi huku jiko likiwa limezimwa, paka povu kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regulata, kote mpira unakopita na pale unapoingia kwenye jiko. Povu likitoa mapovu yanayokua, ndipo panapovuja. Fanya hivyo kila unapobadilisha mtungi. Ni dakika mbili. Yuko mtu katika kila mtaa anayepima kwa kiberiti na kujisifu kwamba hajawahi kuungua. Usimfuate.

Penye mpira wa gesi sina mzaha. Mpira uliopasuka, uliokakamaa au uliotafunwa na panya haufungwi tepu, haukatwi ukaungwa, haupakwi gundi. Hununuliwa mwingine, pamoja na vibano viwili vya chuma vya kuukaza huku na huku. Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe wala usizime swichi yoyote, hata ya taa. Funga mtungi kama unaufikia, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe za chini. Usiridhike kwa kufungua dirisha la juu peke yake, mlango ndio unaoitoa.

Mtungi wenyewe huliwa na kutu chini kwa sababu huwekwa kwenye sakafu inayopigwa deki kila siku. Uinue juu ya kipande cha ubao.

Vitu vyetu wenyewe

Hakuna video itakayokufundisha mbuzi ya kukunia nazi. Ikianza kutoa machicha makubwa na kukuchosha mkono, si nazi mbaya, meno yamekuwa butu. Tafuta tupa ndogo ya pembe tatu, piga kati ya jino na jino kwa kusukuma mbele tu, mara tatu au nne kila pengo, idadi ileile kote ili meno yasitofautiane urefu. Ukimaliza, osha, kausha na upake mafuta ya nazi kidogo kwenye chuma. Ikiwa ulimi wenyewe unacheza kwenye ubao, ni msumari uliolegea, na dawa ya vijiti vya kiberiti niliyoitaja inafaa hapa pia.

Mkeka ulioachana ukili kwa ukili ulowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji. Ukindu mkavu hukatika ukishonwa. Shona kwa ukindu au uzi wa nailoni, ukifuata njia ya mshono wa zamani, kisha uanike kivulini.

Chandarua kilichotoboka nakihesabu pamoja na gesi, maana tundu dogo linatosha mbu mmoja, na malaria huku kwetu bado ipo. Tundu dogo lishone. Kubwa litilie kiraka kutoka kwenye chandarua kikuukuu. Vile vyenye dawa vifuliwe kwa sabuni laini na maji ya kawaida, bila klorini, vikaushwe kivulini. Jua kali huua dawa.

Feni

Chumvi na vumbi hujaa kwenye mabapa na kuyafanya mazito. Zima, chomoa, futa kwa kitambaa kibichi, kausha. Ya dari, zima swichi kubwa kabla ya kupanda juu. Ikiwa inayumba, kaza skurubu zote za mabapa. Ikiendelea, gundisha sarafu kwa tepu imara juu ya bapa mojamoja, ukijaribu kila moja kwa mwendo wa chini, mpaka upate lile linalotuliza feni.

Ikinguruma bila kuzunguka, izime na uzungushe mabapa kwa mkono. Yakigoma au kukwama, kuna uchafu au beringi imechakaa. Yakizunguka laini huku feni ikiwashwa inanguruma tu, mara nyingi ni kapasita iliyokufa. Usiifungue, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Mpelekee fundi, lakini mwambie aipime kapasita kwanza, kabla hajaanza kukueleza habari za mota iliyoungua na bei ya feni mpya.