Mbio zilizokatika Thunder Bay

Serikali ya Kanada ilipozindua pasipoti mpya mwezi Mei 2023, haikuchukua siku mbili malalamiko yakazagaa nchi nzima. Picha za kihistoria zilizopamba kurasa za ndani za pasipoti ya zamani zilikuwa zimeondolewa, na mahali pake pamewekwa michoro ya misimu ya mwaka na wanyama. Wanajeshi wa zamani wakauliza mnara wao wa kumbukumbu ya vita wa Vimy umekwenda wapi. Na katika mji mdogo wa Port Coquitlam, magharibi kabisa mwa nchi, meya Brad West akauliza swali jingine: kijana wetu yuko wapi?

Kijana aliyeulizwa ni Terry Fox. Katika picha ya pasipoti ya zamani alionekana anakimbia barabarani, amevaa kaptula, mguu wa kushoto mzima na wa kulia wa bandia. Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba sura yake itawekwa kwenye noti mpya ya dola 5. Wengi walifurahi, lakini walioumia hawakusahau kwamba kuna watu walioketi mezani, wakaitazama picha ile na kuona inaweza kuondoka.

Leo mtu anayejiandikisha mbio ndefu ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, awe London, Toronto au Dubai, anafuata njia iliyosafishwa na kijana huyo mwaka 1980, naye aliisafisha akiugua saratani ambayo ni nadra.

Alizaliwa Winnipeg mwaka 1958, akakulia Port Coquitlam, akaingia Chuo Kikuu cha Simon Fraser na kupata namba katika timu ya pili ya mpira wa kikapu kwa ubishi zaidi kuliko kipaji. Machi 1977, akiwa na miaka 18, maumivu ya goti yalimfikisha hospitali. Ilikuwa osteosakoma, saratani ya mfupa inayowashika zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Hata Marekani, yenye watu zaidi ya milioni 300, wagonjwa wapya ni kama elfu moja tu kwa mwaka. Mguu wake ulikatwa juu ya goti.

Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani wa shule alimpelekea makala ya gazeti kuhusu Dick Traum, Mmarekani mwenye mguu mmoja aliyekimbia marathoni ya New York mwaka 1976. Wazo likaanzia hapo. Lakini lililomkaa zaidi ni maneno ya madaktari. Walimwambia ana nafasi ya asilimia 50 ya kupona, na kwamba miaka miwili tu kabla yake ingekuwa asilimia 15. Terry alielewa mara moja: katikati ya namba hizo mbili palikuwa na utafiti, na utafiti unakula fedha. Baada ya tibakemikali ya miezi 16, huku akishuhudia vijana wenzake wakizimika wodini, aliamua atakimbia kutoka bahari hadi bahari, marathoni moja kila siku.

Mama yake, Betty, alipinga. Baba yake, Rolly, aliuliza tu anaondoka lini.

Chama cha Saratani cha Kanada nacho kilisitasita. Kilimtaka alete cheti cha daktari na atafute wafadhili mwenyewe kwanza. Cheti kilikuwa na doa, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake imetanuka. Hata hivyo alipata gari la kulala kutoka Ford, mafuta kutoka Imperial Oil na viatu kutoka Adidas. Kampuni zilizotaka atangaze bidhaa zao alizikatalia. Hakutaka mtu yeyote apate faida kupitia mguu wake.

Tarehe 12 Aprili 1980 aliuchovya mguu wa bandia katika bahari ya Atlantiki mjini St. John's, Newfoundland, akajaza maji ya bahari chupani ili akayamwage Pasifiki, akaanza safari.

Mengi tunayoyajua kuhusu wiki zilizofuata yametokana na watu wawili. Leslie Scrivener, mwandishi wa gazeti la Toronto Star, alikuwa akimpigia simu kila wiki na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake. Bill Vigars alikuwa ofisa uhusiano wa Chama cha Saratani aliyeandaa mapokezi ya Ontario, na miaka zaidi ya 40 baadaye naye akaandika ya kwake. Wote wawili walimpenda, lakini hawakumfanya malaika, na hilo ndilo linaloipa historia hii ladha ya ukweli.

Mwendo wake haukuwa wa kupendeza. Mguu mzima uliruka mara mbili, wa bandia ukatua mara moja, kilomita 42 kwa siku, akianza alfajiri kabla ya jua. Kigutu kilichubuka hadi damu ikatiririka juu ya chuma. Newfoundland ilimpokea kwa upepo mkali, mvua na theluji. Ndani ya gari alikuwamo rafiki yake wa utotoni, Doug Alward, aliyekuwa dereva, mpishi na mfuaji, na ambaye kazi yake ilikuwa kutangulia maili moja, kusimama, kumngoja, kisha kutangulia tena. Vijana wawili wa miaka 21, gari dogo lenye harufu ya jasho, siku nzima, kila siku. Terry aliumwa na hakutaka kusema anaumwa. Doug alimwona anaumia na hakuruhusiwa kusema kitu. Wakagombana juu ya chakula, juu ya mapumziko, juu ya lolote. Walipofika Nova Scotia marafiki hao walikuwa hawasemezani.

Familia ikaamua kumtuma Darrell, mdogo wake Terry mwenye miaka 17, akawapatanishe. Darrell aliacha mahafali yake ya shule na kuwakuta Saint John, New Brunswick. Alikuja na vichekesho na tabasamu, akakaa kati yao, na gari likakalika tena. Kama si kijana huyo wa shule, pengine mbio zile zingeishia kwenye misitu ya mashariki, na leo pasingekuwa na picha ya kugombania. Baadaye mwandishi mmoja wa safu katika gazeti la Globe and Mail alimwita Terry kaka dhalimu kwa namna alivyomfokea Darrell, na kudai kwamba anakimbia kwa kinyongo dhidi ya daktari mmoja. Terry alikasirika, akaliita andiko hilo takataka. Ukweli ni kwamba alifoka. Alikuwa kijana, amechoka, ana maumivu ambayo wengi wetu tusingeyavumilia kwa asubuhi moja.

Kulikuwa na siku za neema pia. Huko Port aux Basques, mji wa watu wapatao 10,000, wenyeji walimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Terry akapiga hesabu: dola moja kwa kila mtu. Kumbe inawezekana nchi nzima. Lengo lake la kwanza lilikuwa dola milioni 1. Kuanzia hapo alitaka dola moja kutoka kwa kila Mkanada, yaani kama milioni 24.

Quebec ilimvunja moyo. Hakuna aliyemjua, timu haikusema Kifaransa, na madereva walimsukumia kando ya barabara. Aliyemwinua ni Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons, ambaye mwanawe mdogo alikuwa amefariki kwa saratani ya ngozi. Sharp aliahidi dola 2 kwa kila maili na kuzitaka kampuni nyingine 999 zifanye vivyo hivyo.

Ontario ilikuwa sherehe. Bendi zilimpigia, polisi walimsindikiza, na Julai 11 watu 10,000 walijaa katika uwanja wa Nathan Phillips, Toronto. Siku hiyo peke yake zilipatikana dola 100,000.

Septemba 1, nje kidogo ya mji wa Thunder Bay, alianza kukohoa na kifua kikambana. Watu walikuwa wamejipanga barabarani, akaona haya kusimama mbele yao, akaendelea mpaka walipokwisha. Kisha akapanda garini na kumwomba Doug ampeleke hospitali. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, na mfukoni mwa harambee zilikuwamo dola milioni 1.7. Siku chache baadaye televisheni ya CTV ilifanya kipindi cha kuchangisha na kukusanya milioni 10.5. Kufikia Februari 1981 jumla ilipita milioni 24. Alifariki Juni 28 mwaka huo, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Septemba 1981 Sharp alitimiza ahadi aliyompelekea kwa simu ya maandishi hospitalini: mbio za kwanza za kumbukumbu, washiriki 300,000, dola milioni 3.5. Tangu hapo zinafanyika kila mwaka, hazina mshindi wala zawadi, na jumla ya michango imezidi dola milioni 850. Betty Fox aliyalinda masharti ya mwanawe kwa ukali hadi alipofariki mwaka 2011. Taasisi ya utafiti yenye jina la Terry ilianzishwa mwaka 2007. Mnara wake wa kwanza Vancouver, ambao haukuwahi kupendwa, ulibomolewa mwaka 2011 na kuwekwa sanamu nne za shaba zinazomwonyesha akikimbia.

Lakini ipo habari ambayo sherehe hizi huipita haraka mno. Fedha hizo zimesukuma mbele utafiti wa saratani kwa jumla, na wagonjwa wengi wa osteosakoma leo hawakatwi tena mguu. Madaktari huondoa kipande cha mfupa na kuijenga upya sehemu hiyo. Ila dawa kuu bado ni zilezile za miaka ya 1980, na kiwango cha kupona hakijasogea sana tangu wakati huo. Ugonjwa wenye wagonjwa wachache hauvutii watengenezaji wa dawa, na majaribio yake huchukua miaka kupata watu wa kutosha. Hii ndiyo sehemu ya kazi ya Terry Fox iliyobaki njiani, na inauma zaidi kuliko picha iliyofutwa kwenye pasipoti.

Afrika Mashariki tumezoea mbio za hisani. Nairobi ina Mater Heart Run, Tanzania ina CRDB Bank Marathon, na watoto wengi wamefanyiwa upasuaji wa moyo kwa fedha hizo. Ni kazi njema ya kutibu. Waandaaji wetu sasa watenge sehemu ya mchango kwa ajili ya utafiti, hasa wa saratani za watoto zisizo na msemaji, na wewe unayenunua fulana na namba ya kifuani, waulize kabla ya kulipa.