Kwa nini ukurasa wa matokeo husomeka hata lebo zikikosewa

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, steshenari za mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa, hujaa watu. Mzazi aliyepanda gari kutoka Laela au Matai anataka karatasi moja tu: ukurasa wa shule ya mwanawe, iwe Kantalamba au Kaengesa, wenye namba za watahiniwa, madaraja na alama za masomo. Ukurasa huo hufunguka kwenye kompyuta kuukuu ya steshenari, hufunguka pia kwenye simu ya bei nafuu. Kufunguka huko kuna historia, na sehemu kubwa ni historia ya makosa.

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, akiwa CERN huko Uswisi, alitoa orodha fupi ya lebo za HTML, yaani alama zinazoieleza kompyuta kwamba hapa ni kichwa cha habari, hapa aya. Watu wengi walijifunza kwa kunakili kurasa za wenzao, makosa yakanakiliwa pamoja nazo. Vivinjari vikavumilia, kwani nani angetumia kivinjari kinachokataa kurasa? Tabu ni kwamba kila kimoja kilivumilia kwa namna yake. Mwandishi akisahau kufunga jedwali, Internet Explorer ilionyesha jedwali hata hivyo; Netscape iliacha mahali pake patupu. Orodha nzima ya majina ingeweza kuonekana kwa jirani yako na kwako isiwepo.

Mwaka 2000 W3C, shirika la viwango vya wavuti, likachagua ukali: XHTML. Kosa moja lilitosha ukurasa mzima kukataliwa. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi mbaya, maana mwandishi ndiye aliyekosa lakini aliyeadhibiwa ni msomaji. Juni 2004, katika warsha iliyofanyika San Jose, Marekani, watengenezaji wa vivinjari Mozilla na Opera walipendekeza HTML ya zamani iendelezwe. Wakashindwa kwa kura 14 dhidi ya 8. Siku chache baadaye, pamoja na Apple, wakaunda kundi lao, WHATWG.

Kazi iliyofuata naiheshimu kuliko yote. Ian Hickson na wenzake wa WHATWG walichunguza jinsi vivinjari vilivyokuwa vikirekebisha makosa, kisha wakaandika, hatua kwa hatua, kila kosa lisomweje. Maneno yaliyowekwa ndani ya jedwali lakini nje ya visanduku vyake yasogezwe juu ya jedwali. Herufi nzito zikifungwa wakati mlazo (herufi za kulala) uliofunguliwa ndani yake bado haujafungwa, mlazo ufunguliwe upya na kuendelea. Mwaka 2011 kivinjari cha Mozilla, Firefox 4, kilitoka na kisomaji kilichoandikwa na Henri Sivonen wa Ufini kwa kufuata kanuni hizo, na mwaka 2014 W3C lenyewe likaidhinisha HTML5, toleo lenye kanuni hizo.

Kwa mzazi wa Laela hilo limetosha. Kwa mwalimu anayetaka kulinganisha shule za Rukwa mwaka hadi mwaka, bado. Katika kurasa za matokeo, masomo yote ya mtahiniwa yamekuwa yakikaa kwenye kisanduku kimoja, mfululizo: CIV - 'C' HIST - 'D' KISW - 'B'. Mpangilio nao haukutulia: matokeo ya 2014 yalitolewa kwa GPA, yaani wastani wa alama, badala ya madaraja, na 2016 Serikali ikaagiza madaraja yarudi. Waandishi wa programu wa Kitanzania wamejitolea kuuchambua mchanganyiko huo kwa Beautiful Soup, zana iliyotolewa na Leonard Richardson mwaka 2004 mahususi kwa HTML iliyoandikwa vibaya, na wameziweka programu zao wazi ili yeyote azitumie.

Waandishi hao wamefanya kazi njema, lakini isiwe lazima irudiwe kila matokeo yanapotoka. Naliomba Baraza: siku ya kutangaza matokeo, pamoja na kurasa hizo, toeni faili la jedwali kwa kila mkoa, kila somo katika safu yake, bila majina ya watoto. Mwalimu wa Namanyere angelifungua siku hiyohiyo na kuanza kazi.