Mapendo

Sala za Kikatoliki kwa Kiswahili hutaja fadhila tatu za Kimungu: imani, matumaini na mapendo. Mlutheri aliyezoea Biblia ya Union Version ya 1952 atasema upendo, na wote wawili wanakusudia kitu kimoja. Mapenzi ni ndugu yao wa tumbo moja, mtoto wa kitenzi kupenda, lakini yameshika njia nyingine: mtaani ni ya wachumba, na katika Sala ya Bwana ya Union Version ni matakwa ya Mungu.

Kinachonisumbua ni kitenzi chenyewe. Twapenda wali, twapenda mpira, twampenda Mungu. Hapo ni rahisi kuidhania fadhila kuwa hisia tu, inayokuja na kuondoka. Paulo, alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana, aliueleza upendo kwa vitenzi mfululizo: kuvumilia, kutohusudu, kutohesabu mabaya. Hayo hutendwa hata kwa mtu usiyependezwa naye. Mkristo huyaomba kama neema, kisha huyatenda.

Basi makatekista na walimu wa shule ya Jumapili, mnapowafundisha watoto neno hili, wapeni na mgonjwa wa kumtembelea.