Kaya Kinondo: Msitu Uliolindwa kwa Heshima

Kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, karibu na fukwe za Diani zenye hoteli nyingi, upo msitu mdogo wa asili uitwao Kaya Kinondo. Ukubwa wake ni takriban hekta 30 tu. Njia yake ya miguu ni fupi, wala haina mlima wa kupanda. Hata mzee aweza kuifuata akienda polepole. Lakini hatuingii humo kama tuingiavyo bustani ya mapumziko. Mgeni hujifunga kaniki kiunoni, huongozwa na mwenyeji, wala haruhusiwi kuondoka na chochote, liwe jani au kijiti.

Tukitaka kuyaelewa masharti hayo, yatupasa kurudi nyuma. Kaya, kwa Wamijikenda, ni makao. Masimulizi yao yanasema kwamba walihama kutoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakiwakimbia maadui, wakajenga vijiji vyenye ngome katikati ya misitu minene. Ujenzi wa kaya hizo ulianza katika karne ya 16. Msitu wenyewe ulikuwa ukuta, kwa kuwa adui hakuweza kupita ila kwa vijia vichache vilivyolindwa. Baadaye hatari ilipopungua, watu walitoka kutafuta mashamba, na kufikia miaka ya 1940 makao hayo yalikuwa yamehamwa. Waliobaki humo ni wale waliozikwa. Hivyo mahali pa kuishi pakawa mahali pa kuheshimiwa, chini ya uangalizi wa wazee wa kaya.

Nje ya kaya miti ilikatwa kwa ajili ya mashamba, mbao na makaa. Ndani yake ilibaki. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke, walipozichunguza kaya katika miaka ya 1980, walikuta humo mimea adimu. Wazee hawakuwa wamekusudia kuhifadhi mimea adimu. Walikuwa wakiyatunza makaburi ya wahenga wao, na msitu ukapona pamoja nayo.

Utalii ulipokua, ardhi ya pwani ilipanda thamani, na baadhi ya kaya zikamegwa. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji wa Kinondo walianza kuwapokea wageni kwa ada, ili msitu uinufaishe jamii bila kukatwa.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwamo, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, iliziweka mila za kaya katika orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tuyatafakari matukio hayo mawili pamoja. Miti ilikuwa imepata heshima ya dunia nzima, huku maarifa yaliyoilinda yakihesabiwa kuwa hatarini, kwa sababu wazee wanapungua na vijana wengi wanakwenda mijini.

Sheria yaweza kumzuia mwenye shoka kwa kitambo. Lakini Kinondo ilisimama kwa karne nyingi kwa sababu mtoto alifundishwa na babu yake kwamba mti ule haukatwi, akaambiwa na sababu. Basi tuendapo huko, twende na watoto wetu, na tumwombe mwenyeji aseme nao kwanza.