Mwenda wa Bayeke, fundi wa gitaa kavu

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Kongo ya Wabelgiji na mashine yake ya kurekodi. Kaskazini-mashariki, pembeni mwa msitu wa Ituri, alinasa muziki wa Wanande, watu wa Beni na Butembo. Kusini, mjini Jadotville, Likasi ya leo, alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, yaliyokuwa makao ya mfalme Msiri wa Wayeke.

Gitaa lake lilikuwa kavu, bila umeme. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikacheza juu, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulishinda tuzo ya muziki wa Kiafrika mwaka huohuo wa 1952. Santuri zikauvusha mipaka. Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, akaimba hadi matangazo ya dawa ya Aspro, na wapigaji wa Kenya wakauiga mkono wake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Hata hivyo, gitaa peke yake halikumlisha. Lubumbashi alikuwa mfanyakazi wa ofisini.

Mwaka huohuo wa 1969, Ravi Shankar wa India alipiga sitari Woodstock, Marekani hukohuko. Njia yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1938 aliacha kucheza dansi na kundi la kaka yake huko Ulaya, akaenda Maihar kukaa miaka kadhaa miguuni pa mwalimu wake, Allauddin Khan. Huko India ya kaskazini, kijadi, ufundi wa sitari hurithishwa hivyo: mwanafunzi huishi kwa mwalimu mpaka mkono ukomae, naye baadaye hupokea wake.

Mwenda hakuwa na nyumba ya namna hiyo nyuma yake. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, ndiye aliyeandika mapigo yake kwa noti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Lubumbashi kujifunza kwake. Septemba 1990 ajali ya barabarani nchini Zambia ilimchukua Mwenda.

Sisi wa Beni na Butembo tuichukue tofauti hiyo ya Mwenda na Shankar kama somo. Tangu 2014 mauaji yamehamisha vijiji vizima huku kwetu, na mzee anayekimbilia mjini huacha nyuma vyombo vyake na vijana aliokuwa akiwafundisha. Rekodi za 1952 zimetunza sauti za babu zetu, lakini santuri haimsahihishi mtoto anapokosea. Kazi hiyo ni ya mwalimu aliye hai. Shule na parokia ziwaite wapigaji wazee, ziwalipe, ziwakalishe na watoto kila juma. Kumsifu fundi ni vizuri. Kumpa wanafunzi angali hai ni bora zaidi.