Machale ya Speke na Hesabu ya Stanley

Wapo vijana ambao wakiulizwa wanataka kazi gani, hujibu upesi: yoyote isiyokuwa na hesabu. Husema wao ni watu wa machale. Jambo huwajia moyoni kabla hawajalipatia sababu. Wazazi wengi huwaona wavivu. Lakini historia ya ziwa letu ina kisa kinachowahusu.

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akayaona maji na visiwa. Alikuwa ametoka Kazeh, yaani Tabora, alikobaki mkuu wa msafara, Richard Burton, akiwa mgonjwa. Speke alikaa Mwanza siku chache tu. Hakulizunguka ziwa, wala hakuona mto wowote ukitoka. Hata hivyo, moyo ulimwambia kwamba hapo ndipo chimbuko la Nile.

Aliporejea Kazeh, Burton alimbishia, akataka ushahidi. Speke alikuja tena, na Julai 1862 akayaona maji yakitoka ziwani pale Jinja. Wabishi wakasema hakuufuata mto wote. Septemba 1864, siku moja kabla ya kukutana na Burton kwenye mdahalo mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ndipo mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipoondoka Kageye, ng'ambo ya ghuba kutoka hapa Nansio, akalizunguka ziwa kwa mashua kwa takriban miezi miwili. Ikaonekana Speke alisema kweli. Ghuba hiyo leo ina jina lake.

Je, machale yanatosha? Hapana. Hata yale ya Speke hayakutoka hewani. Waarabu wa Kazeh walikwisha msimulia habari za ziwa. Wenyeji walimweleza kuwa upande wa kaskazini halina mwisho. Naye alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari. Moyo wake uliunganisha vipande hivyo.

Ndivyo alivyo mvuvi wa Ukerewe. Hutazama wingu, akasikia upepo shavuni, akageuza mtumbwi. Ukimwuliza sababu hana maneno mengi, lakini ana miaka mingi majini. Kijana wa namna hiyo anafaa uvuvi, unahodha, ufundi wa mitumbwi, biashara ya sokoni, hata uandishi wa habari. Mradi akubali kukaa miaka chini ya wanaojua.

Lakini ipo hatua ambapo moyo hauna ruhusa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Siku ile palihitajika mtu wa kuhesabu vichwa gatini, si wa kukisia kwamba kitafika tu.

Kwa hiyo wazazi, msimzuie mtoto wenu kwenda anakovutwa na moyo. Speke asingehisi, huenda Stanley asingekuwa na la kuhakikisha. Ila mfundisheni pia kuhesabu, kwa sababu hakuna kazi, hata ya nahodha hodari, ambayo siku moja haitamdai hesabu.