Rejeleo na Athari

Litamke neno "athari" mwaloni, wanakochenjulia dhahabu, Bugarama, huku Msalala jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na kila mtu atajua unazungumzia nini. Mama anayekamua zebaki kwenye kitambaa, matone yake meupe yakichuruzika kati ya vidole, ameshaambiwa mara nyingi: mikono itatetemeka, kumbukumbu itapotea, mimba itadhurika. Athari ni kitu kinachoingia mwilini. Kwa hiyo nilisita nilipoletewa niuhariri wasifu wa daktari mmoja mtafiti, ukisema kwamba "ana athari ya 21". Msomaji wa Bugarama angeuliza ni athari gani hiyo, na imempata nani.

Kilichokusudiwa ni kwamba watafiti wengine wamezitaja makala zake ndani ya makala zao. Kutajwa huko kunahitaji jina lake. Wengi husema "nukuu", lakini kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo, na waandishi wa tiba hufanya hivyo kwa nadra sana. Wao husema tu kwamba jambo fulani lilikwishaonekana, kisha wanaonyesha lilionwa na nani, mwaka gani. Huko ni kurejelea. Orodha ya mwisho wa tasnifu tayari tunaiita marejeleo, basi kila mara kazi inapotajwa tuseme imepata rejeleo moja.

Hiyo 21 nayo ina jina lake. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, alipendekeza kipimo ambacho mimi naona kiitwe "fahirisi ya h". Fahirisi tumeizoea kwa sababu ya fahirisi ya bei. "Faharasa" ibaki kuwa ile orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu.

Inavyohesabiwa ni hivi. Zipange makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi, kama vile unavyopanga viroba vya mawe mbele ya karasha, chenye dhahabu nyingi kikitangulia. Tuseme marejeleo ni 40, 18, 9, 6, 5, 3, 1 na 0. Shuka na orodha hiyo ukilinganisha nafasi ya makala na idadi ya marejeleo yake. Makala ya tano ina marejeleo 5, imefikisha. Ya sita ina 3, haikufikisha. Basi fahirisi yake ni 5. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 40 hadi 4,000: fahirisi itabaki 5 ileile.

Hapo ndipo ninapoifikiria kazi iliyofanyika kanda hii hii. Agosti 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa mkoa wa Mwanza, wakati ambapo Geita bado ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati na vituo vyake vya afya: wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa zipo. Baada ya takriban miaka 2, maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40. Jina la kwanza kwenye makala ni Heiner Grosskurth, na wamo Frank Mosha, John Changalucha na Richard Hayes. Dunia nzima iliisoma. Lakini kwenye fahirisi ya h ya kila mmoja wao, makala hiyo haiwezi kuongeza zaidi ya moja, na kipimo hakiulizi nani alizunguka vijijini na madodoso.

Rejeleo si sifa, pia. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa za magonjwa ya ngono kwa pamoja, wenye dalili na wasio nazo, haukuona maambukizi ya VVU yakipungua. Tangu hapo makala hizi mbili hutajwa pamoja na wanaouliza kwa nini zimetofautiana. Anayebishana na Mwanza anaiongezea rejeleo sawa na anayeikubali.

Kuhusu zebaki yenyewe, Stephan Bose-O'Reilly na wenzake waliwapima wachimbaji wadogo wa Rwamagasa, Geita, mkojo, damu na nywele, na makala yao ikatoka mwaka 2010. Iko kwa Kiingereza. Mhudumu wa afya anayemweleza mchomaji dhahabu kwa Kisukuma kwamba asichomee ndani ya nyumba wanakolala watoto hatoi rejeleo lolote, hata kama anachokisema kimetoka humo. Hiyo ndiyo athari ninayotaka neno letu liendelee kuibeba.

Kwa hiyo ule wasifu niliuandika upya: "Fahirisi yake ya h ni 21 kwa hesabu ya Google Scholar", na tarehe nikaiweka, maana Scopus huhesabu majarida machache zaidi na namba yake kwa kawaida huwa ndogo. Chini yake nikaandika kichwa "Athari", nikamwachia nafasi ajaze mwenyewe: zahanati ipi, mwongozo upi wa tiba, tangu lini.